Sura ya Saba: Mfumo Mpya, Tovuti Isiyofunguka

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa umetumika tangu Julai 2015. Uamuzi huo ulifanywa Marekani, lakini uzito wake uliwaangukia watu wa mbali sana, wakiwemo wakazi wa Kalimoni.

Kalimoni ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Juja, Kaunti ya Kiambu, kati ya Ruiru na Thika. Jirani yake ni Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kupata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 1994. Palipo na wanafunzi pana kompyuta, na kompyuta za kawaida katika vyumba vya kupanga si mpya. Ni laptopu zilizokwisha kutumika ng'ambo, zikaletwa nchini na kuuzwa kwa bei ambayo mzazi anaweza kuimudu. Saiba nazo zina mashine zilizonunuliwa miaka mingi iliyopita, na kwa wakazi wengi hapo ndipo fomu za serikali zinapojazwa.

Windows 11 ilipotoka tarehe 5 Oktoba 2021 ilikuja na masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, kumbukumbu ya gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64, na prosesa zisizo za zamani sana. Mashine nyingi za mtumba haziyafikii. Basi mwenye kompyuta akawa na njia tatu. Yenye sifa huhamishiwa Windows 11. Isiyo na sifa huandikishwa katika mpango wa nyongeza unaoipa Windows 10 masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, au huwekewa mfumo mwingine kabisa kama Ubuntu.

Anayehama hukutana na jambo linalomtatanisha. Jana kompyuta ilifungua kila tovuti. Leo mfumo ni mpya, alama ya waifai inaonyesha nguvu kamili, YouTube inacheza bila kukwama, lakini tovuti ya benki, ya chuo au ya serikali haifunguki. Ukurasa mweupe unazunguka, kisha unakuja ujumbe wa Kiingereza ambao hausaidii. Ikiwa siku hiyo ni karibu na tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya mtu binafsi kuwasilisha ripoti ya kodi ya mwaka uliotangulia kupitia mfumo wa mtandaoni wa iTax, tatizo hilo lina bei: faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa zaidi.

Dawa inayotolewa haraka mno ni kuifuta mashine na kuiwekea Windows upya. Mteja hulipa, hupoteza faili ambazo hakuwa na nakala zake, na mara nyingi tatizo hurudi palepale kwa sababu halikuwa kwenye Windows. Hoja ya sura hii ni kwamba mfumo mpya mara chache huharibu intaneti. Muunganisho ni makubaliano kati ya pande nyingi, na upande mmoja ukibadili masharti yake, kasoro iliyokuwa imejificha popote njiani hujitokeza. Kazi ya kwanza ni kujua kasoro iko hatua gani, kabla ya kugusa chochote.

Hatua tano za ukurasa mmoja

Unapoandika anwani ya tovuti na kubonyeza, mambo matano hutokea kwa mpangilio.

Kwanza, kifaa chako hujiunga na mtandao wa karibu, kwa waifai, kebo au simu. Pili, ruta hukipa anwani ya IP na kukieleza mlango wa kutokea. Tatu, kompyuta huuliza huduma ya DNS: jina hili la tovuti lina namba gani? Nne, kompyuta na seva hufungua mazungumzo kwa kanuni za TCP, na hapo hukubaliana jinsi data itakavyotumwa. Tano, kwa tovuti zenye alama ya kufuli, seva hutoa cheti chake, kivinjari hukikagua, na pande zote mbili huchagua lugha ya siri ya kuzungumza, iitwayo TLS. Baada ya yote hayo ndipo ukurasa hupakuliwa.

Mfumo endeshi una mkono katika kila hatua. Ndio unaoendesha kifaa cha waifai, unaokumbuka mipangilio ya DNS, unaoendesha TCP, unaotunza saa na, kwa baadhi ya programu, orodha ya mamlaka za vyeti zinazoaminika. Ukiubadilisha, umebadilisha upande wako wa makubaliano katika hatua zote tano kwa mpigo. Mwenye kuzijua hatua hizi kwa mpangilio anaweza kuzipima moja baada ya nyingine, na akapata jibu ambalo kufuta mashine hakuwezi kumpa.

Je, ni wewe peke yako?

Kipimo cha kwanza hakihitaji ufundi. Fungua tovuti hiyohiyo kwa kifaa kingine kwenye mtandao uleule. Kisha chukua kompyuta yenye tatizo na uiunganishe na mtandao mwingine, kwa mfano intaneti ya simu yako. Majibu ya majaribio haya mawili yanakata shauri kubwa. Kifaa kingine kikifungua na chako kikakataa, tatizo liko kwenye mashine yako. Vyote vikikataa kwenye waifai lakini vikafungua kwa simu, tatizo liko kwenye ruta au kwa mtoa huduma. Vyote vikikataa kila mahali, tovuti yenyewe au njia kuu ya kuifikia ina shida, na hakuna fundi wa Juja atakayeiponya.

Hili la mwisho hutokea mara nyingi kuliko tunavyodhani. Mwishoni mwa Julai 2023, wiki chache baada ya serikali kutangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimewekwa kwenye eCitizen, jukwaa hilo lilishambuliwa na huduma zake zikavurugika. Kundi linalojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka duniani kwa takriban saa sita kwa sababu ya kosa la ndani ya kampuni yenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika katika pwani ya kusini mwa Afrika, na intaneti ikawa nzito Afrika Mashariki nzima. Aliyekuwa amebadili mfumo endeshi mojawapo ya siku hizo angeweza kuapa kwamba mfumo mpya ndio ulioharibu kila kitu.

Angalia pia bando. Wengi wetu tunaunganisha laptopu kwa intaneti ya simu, na kuna bando zinazoruhusu WhatsApp au YouTube pekee. Kwa bando kama hiyo, YouTube itafunguka na tovuti ya chuo itakataa, na kompyuta haina kosa lolote. Tena mfumo uliotoka kuboreshwa huendelea kupakua masasisho kimyakimya, pengine gigabaiti kadhaa, na huweza kumaliza bando kabla mwenyewe hajafungua ukurasa mmoja. Katika mipangilio ya mtandao ya Windows kuna swichi ya kuuambia mfumo kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Iwashe mara tu baada ya kuhamia toleo jipya.

Saa na vyeti

Kama shida iko kwenye mashine, tazama saa kabla ya kitu kingine chochote. Kila cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba leo ni Januari 2015 itakiona cheti cha mwaka huu kuwa bado hakijaanza kutumika, itakikataa, na itasema kwamba muunganisho si salama. Tovuti karibu zote zitakataa kwa pamoja.

Chanzo cha kawaida kwenye mashine za zamani ni betri ndogo ya mviringo ya CR2032, yenye volti 3, iliyo kwenye ubao mkuu. Hiyo ndiyo inayotunza saa kompyuta inapozimwa. Ikifa, kila umeme unapopotea tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Mfumo wa zamani ulikuwa umezoeshwa kujirekebisha kupitia mtandao. Mfumo mpya huenda haujawashiwa huduma hiyo, na ndiyo maana udhaifu wa betri unaonekana sasa. Betri hiyo hupatikana katika maduka ya vifaa vya umeme na ya mafundi wa saa, na kuibadilisha ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kuifuta kompyuta nzima.

Aliyeweka Ubuntu kando ya Windows kwenye mashine moja hukutana na sura nyingine ya tatizo hili. Windows huichukulia saa ya ubao mkuu kuwa saa ya hapa, Linux, ambayo ndiyo msingi wa Ubuntu, huichukulia kuwa saa ya kimataifa. Kenya iko saa tatu mbele ya saa hiyo ya kimataifa, kwa hiyo kila ukitoka mfumo mmoja kwenda mwingine saa hukosea kwa saa tatu kamili. Tofauti hiyo inatosha kuzifanya namba za siri za muda, zile zinazobadilika kila sekunde 30 kwenye programu ya uthibitisho, zikataliwe ikiwa programu hiyo umeiweka kwenye kompyuta. Ukiona kosa la saa tatu barabara, usitafute virusi. Rekebisha mfumo mmoja ufuate mwingine.

Saa ikiwa sawa na cheti bado kinakataliwa, huenda orodha ya mamlaka zinazoaminika imepitwa na wakati. Tukio kubwa la aina hii lilitokea tarehe 30 Septemba 2021. Shirika la Let's Encrypt, linalotoa vyeti bure kwa mamilioni ya tovuti, lilikuwa limeegemea cheti kikuu kilichoitwa DST Root CA X3, na siku hiyo muda wake uliisha. Vifaa vipya vilikuwa tayari vinaamini cheti kikuu kingine, ISRG Root X1, na watumiaji wake hawakuona lolote. Mac za kabla ya toleo 10.12.1 na programu zilizotumia OpenSSL ya zamani ziliathirika. Simu za Android za kabla ya 7.1.1 zilinusurika kwa mpango maalumu uliowekwa kwa ajili yao tu, kwa sababu Novemba 2020 zilikuwa bado karibu theluthi moja ya simu zote za Android. Kukataa kuhama nako kuna gharama: usiposasisha mfumo, siku moja tovuti ndizo zitakazohama na kukuacha nyuma.

Jina, prokisi na mabaki ya zamani

Hatua ya tatu, ile ya DNS, hukwama kwa sababu ya vitu vilivyosahauliwa. Fundi aliyepita huenda aliandika kwa mkono namba za DNS za mtoa huduma ambaye siku hizi hutumii tena. Huenda aliongeza mistari kwenye faili iitwayo hosts, ambayo katika Windows imo ndani ya System32, drivers, etc, na ambayo kompyuta huisoma kabla ya kuuliza DNS. Mstari mmoja humo unaweza kuilazimisha tovuti fulani kutafutwa kwenye namba ambayo seva yake ilishahama.

Kipimo ni amri ya nslookup ikifuatwa na jina la tovuti. Ikijibu kwa namba, DNS inafanya kazi. Isipojibu, rudia amri hiyo ukiielekeza kwa 8.8.8.8, DNS ya Google iliyoanza 2009, au 1.1.1.1, ya Cloudflare iliyoanza 2018. Zikijibu hizo na yako ikanyamaza, umempata mkosaji. Kwenye Ubuntu kuna tofauti ya kuzingatia: katika matoleo ya miaka ya karibuni, maswali ya DNS hupitia huduma ya ndani yenye anwani 127.0.0.53, na aliyezoea kuihariri faili ya resolv.conf kwa mkono atakuta mabadiliko yake yamefutika. Amri ya resolvectl status itamwonyesha DNS inayotumika kweli.

Chunguza pia prokisi, yaani kompyuta ya kati ambayo kivinjari huagizwa kuipitia. Saiba zimekuwa zikitumia programu za kuhesabu muda wa wateja na kugawa intaneti, na baadhi yake huelekeza vivinjari vyote kwenye kompyuta moja kuu. Ukiboresha mfumo, programu hiyo inaweza kuacha kufanya kazi huku agizo lake likibaki. Kivinjari kitaendelea kubisha mlango wa kompyuta isiyojibu. VPN iliyofutwa nusu huacha mabaki ya namna hiyohiyo.

Antivirasi nayo inastahili jicho la karibu. Baadhi yake hujiweka kati ya kivinjari na tovuti ili kukagua kurasa zilizofungwa kwa TLS, na hufanya hivyo kwa kutumia cheti chao wenyewe. Toleo lililotengenezwa kwa mfumo wa zamani huweza kukwama kwenye mfumo mpya. Kuizima kwa muda hakutoshi, maana sehemu zake za ndani hubaki zikifanya kazi. Iondoe kabisa, washa kompyuta upya, jaribu, kisha uweke toleo jipya. Kwa muda huo Windows ina ulinzi wake uliojengewa ndani.

Tovuti moja inafunguka, nyingine inaganda

Sasa tunafika kwenye fumbo gumu zaidi. Saa ni sahihi, DNS inajibu, ping, amri ya kupima kama seva inajibu, inapita, tovuti nyingi zinafunguka; chache tu ndizo zinazoanza kufunguka kisha zinaganda. Dalili hii ikitokea, tazama hatua ya nne, ukubwa wa pakiti ukiwa wa kwanza.

Data husafiri katika vipande viitwavyo pakiti, na kwa kawaida kipande kikubwa kabisa kwenye kebo ya Ethernet ni baiti 1,500. Baadhi ya watoa huduma hutumia njia ya PPPoE, ambayo huchukua baiti 8 kwa mahitaji yake na kuacha 1,492. VPN huchukua zaidi. Pakiti kubwa mno ikifika mahali pembamba, kifaa kilichopo hapo kinapaswa kumjulisha aliyeituma apunguze ukubwa. Lakini wasimamizi wengi wa fayawoli wamezuia ujumbe huo wakidhani wanaimarisha ulinzi. Basi pakiti ndogo hupita na kubwa hupotea bila taarifa, kama barabara yenye kizuizi cha urefu juu yake: pikipiki zinapita siku nzima na hakuna anayeona kasoro, mpaka lori la mawe ya Ndarugo lifike. Ping ni pikipiki. Ukurasa kamili wa tovuti ni lori.

Uhusiano na mfumo mpya ni huu: huenda miaka ya nyuma mtu alipunguza ukubwa huo kwa mkono kwenye kompyuta yako, na uboreshaji ukaurudisha kuwa 1,500. Kipimo kwenye Windows ni amri ya ping -f -l 1472 ikifuatwa na anwani ya tovuti inayojibu ping. Namba 1,472 ukijumlisha baiti 28 za vichwa vya pakiti unapata 1,500. Ikikataa, jaribu 1464, kisha endelea kushuka hadi ipite. Namba iliyopita, ongeza 28, na hicho ndicho kipimo cha kuweka. Mahali pazuri pa kukiweka ni kwenye ruta, ili kila kifaa kinufaike.

Historia ina mifano miwili mikubwa inayoonyesha jinsi mfumo mpya unavyoweza kuwa sahihi na bado ukakwama. Linux 2.4 ilipotoka Januari 2001, ilikuja na uwezo wa ECN, njia ya ruta kuwaonya watumaji kwamba msongamano unakaribia. Uwezo huo ulitumia sehemu za kichwa cha pakiti ambazo hapo awali zilikuwa zimetengwa bila kazi. Fayawoli nyingi, zilipoona sehemu hizo zimewashwa, zilizitupa pakiti. Watumiaji waliohamia Linux mpya wakakuta tovuti kadhaa zimefungwa kwao huku majirani zao wakizifungua. Kosa lilikuwa la fayawoli za upande wa tovuti, lakini aliyebadilika ndiye aliyelaumiwa.

Mfano wa pili unatugusa sisi zaidi. TCP ya awali iliruhusu baiti 65,535 tu kuwa njiani kabla ya kusubiri jibu. Hicho kilikuwa kiasi cha kutosha mitandao ilipokuwa ya polepole. Fikiria data inayotoka Ulaya hadi Juja, safari ya kwenda na kurudi ikichukua sekunde 0.15: kwa kikomo hicho huwezi kuvuka takriban megabiti 3.5 kwa sekunde, hata ukilipia megabiti mia. Kwa setilaiti, ambayo Kenya iliitegemea kabla ya kebo za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, safari hiyo ilichukua zaidi ya nusu sekunde, na kikomo kilishuka chini ya megabiti moja kwa kila muunganisho. Mwaka 1992 wataalamu Van Jacobson, Bob Braden na Dave Borman walichapisha kanuni ya kukuza kikomo hicho. Linux ilipoanza kuitumia kwa upana mwaka 2004, na Windows Vista mwaka 2007, baadhi ya ruta za zamani ziliharibu namba ya ukuzaji njiani. Upande mmoja ukadhani nafasi ni kubwa, wa pili ukadhani ni ndogo mno, na mazungumzo yakakwama. Wengi walizima uwezo huo ili tovuti zifunguke, na wakajinyima kasi ambayo mtu aliye mbali na seva anaihitaji kuliko yeyote. Tiba sahihi ilikuwa kusasisha ruta. Hata leo, baada ya kubadili mfumo endeshi, angalia kama ruta yako ina toleo jipya la programu yake.

Mfumo mpya unapokataa kwa makusudi

Kuna mahali ambapo mfumo mpya hukataa kwa sababu unakulinda. TLS 1.0 ni ya mwaka 1999 na 1.1 ya mwaka 2006; mwezi Machi 2021 zote mbili ziliondolewa rasmi katika matumizi yanayokubalika. Ubuntu 20.04, ya Aprili 2020, ilikuwa tayari inadai angalau TLS 1.2, iliyotoka 2008. Ubuntu 22.04 ilikuja na OpenSSL 3, inayokataa njia moja ya zamani na hatari ya kuanza upya mazungumzo ya siri, na hapo baadhi ya tovuti na hata waifai za taasisi zinazodai jina na nenosiri zikagoma kuunganishwa. Flash ilikoma mwishoni mwa 2020, na Internet Explorer ikastaafishwa tarehe 15 Juni 2022, kwa hiyo kurasa zilizotengenezwa kwa ajili ya programu hizo hazitarudi.

Ukikutana na ukataaji wa aina hii, ujumbe wa kosa kwa kawaida hutaja toleo la TLS au itifaki isiyokubalika. Usiushushe ulinzi wa mashine nzima kwa ajili ya tovuti moja. Waandikie wenye tovuti, waeleze ujumbe uliouona, kwa maana wao ndio waliochelewa.

Simu zina ukataaji wake. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hutumia namba bandia ya kifaa kwa kila waifai ili zisifuatiliwe. Katika nyumba za kupanga ambako mwenye mtandao huruhusu vifaa kwa kuandika namba zake, simu iliyosasishwa huonekana ngeni na kufungiwa nje. Ingia kwenye mipangilio ya waifai hiyo, chagua namba halisi ya kifaa, au umpe msimamizi namba mpya. Mitandao mingine usiiguse.

Kuna onyo moja ambalo halina mjadala. Kivinjari kikikuambia kwamba cheti si halali, na saa yako ni sahihi, usilazimishe kupita kwenye tovuti ya kodi, ya benki au ya malipo yoyote. Onyo lilelile hutokea mtu anapojiweka katikati yako na tovuti ili asome unachoandika. Na kumbuka kwamba PIN ya M-Pesa huandikwa kwenye simu yenyewe. Ukurasa wa tovuti unaoidai ni wa wezi.

Utaratibu wa kufuata

Kabla ya kuhamia toleo jipya, nakili faili zako mahali pengine, na piga picha mipangilio ya mtandao: DNS, prokisi, anwani, majina ya programu za ulinzi. Picha hiyo itakuonyesha baadaye kilichobadilika.

Baada ya kuhama, tovuti ikikataa, nenda kwa mpangilio huu. Jaribu kifaa kingine na mtandao mwingine. Hakiki bando. Sahihisha saa na tarehe. Jaribu kivinjari cha pili. Soma ujumbe wa kosa na uuandike jinsi ulivyo, kwa sababu maneno yake hutaja hatua iliyokwama: tarehe ya cheti, jina lisilopatikana, prokisi isiyojibu, muda ulioisha. Pima DNS kwa nslookup. Ondoa prokisi, VPN na antivirasi ya zamani. Pima ukubwa wa pakiti. Sasisha ruta na kiendeshi cha waifai. Mwisho kabisa, Windows ina kitufe cha kurudisha mipangilio yote ya mtandao katika hali ya mwanzo. Hakigusi faili zako, ila utaandika upya nenosiri la waifai.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha ujaribu. Kisiposaidia, kirudishe kilivyokuwa kabla ya kugusa kingine. Anayebadili vitu vitano pamoja, hata akifaulu, hajui kilichomponya, na mteja anayefuata akija na tatizo hilohilo ataanza upya gizani.

Wenye saiba na mafundi wa Kalimoni, Juja, Ruiru na Thika, bandikeni utaratibu huu ukutani na muwafundishe vijana mnaowaajiri. Watu wanawategemea kwa kodi zao, mikopo yao ya masomo na vyeti vya watoto wao. Nawe msomaji, fundi akikuambia kompyuta ifutwe na kuwekewa mfumo upya, mwulize kwanza ni hatua ipi kati ya zile tano iliyokataa, na ameijuaje. Akishindwa kujibu, usimpe mashine yako.